Kichwa cha treni ndogo hakisikii rimoti: pa kuanzia kutafuta

Mwongozo huu ni wa wenye treni ndogo zinazoendeshwa kwa mfumo wa DCC (Digital Command Control, yaani uendeshaji kwa amri za kidijitali). Nimeuandika baada ya kumsaidia rafiki aliyenunua kichwa cha mtumba kwenye soko la treni ndogo hapa Manchester. Taa zilikuwa zinawaka na kuzimika kwa rimoti, honi inalia vizuri kabisa, lakini kichwa hakisogei hata nukta. Tayari alikuwa ameshika bisibisi ili ang'oe dikoda, ile bodi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri, na kununua nyingine. Nikamwambia, "Ndugu yangu, weka hiyo bisibisi chini. Kinachosikia honi si kizima tu, kinakuelewa." Jioni nzima ikaishia hapo, na tatizo lilikuwa namba moja ndani ya dikoda. Hiyo ni Hatua ya 5, na ndiyo ndefu kuliko zote.

Kwa mgeni, kwa kifupi: katika mfumo wa zamani volti za reli ndizo zilizoamua mwendo, kwa hiyo kila treni iliyokuwa kwenye reli ilikwenda. Katika DCC reli ina umeme kamili muda wote, na amri husafiri ndani ya umeme huohuo. Kila kichwa kina dikoda yenye anwani yake, nacho hufuata amri za anwani hiyo tu. Mfumo huu ulianzia kwa kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha NMRA, chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, kikaufanya kuwa kiwango cha wote katika miaka ya 1990. Ndiyo maana dikoda ya kampuni moja husikia sanduku la amri (kifaa kinachotuma amri kwenye reli) la kampuni nyingine.

Kwenye mifano nitatumia namba 5918. Hiyo ni Mount Gelai, mojawapo ya vichwa 34 vya mvuke aina ya Garratt vya daraja la 59 vya East African Railways, vilivyoundwa hapa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950. Leo iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Desturi ya wapenzi wa treni ndogo ni kukipa kichwa anwani inayofanana na namba iliyoandikwa ubavuni, nami naishika desturi hiyo kwa sababu inapunguza makosa mengi.

Hatua ya 1: Tazama ni nini bado kinasikia

Usiguse kitu kwanza. Amri hutoka mkononi mwako, ikapita kwenye redio au waya, ikaingia kwenye sanduku la amri, ikaenda kwenye reli, magurudumu, dikoda, halafu mota. Kazi yako ni kujua imekatikia wapi.

Kama treni zote zimekufa, tatizo ni umeme au kuna shoti mahali fulani. Kama vichwa vyote husimama mahali palepale, ni reli. Kama kimoja tu ndicho kinachosumbua popote unapokiweka, ni hicho kichwa. Kama taa na honi zinafanya kazi lakini hakiendi, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 5. Usisafishe reli, usifungue bodi.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko mengine yote: weka kichwa kingine, kizima, mahali palepale penye tatizo, kisha kichukue kile kibovu ukiweke karibu kabisa na mahali waya za umeme zinapoingia kwenye reli. Majibu mawili hayo hukuondolea nusu ya maswali.

Hatua ya 2: Iondoe redio kwenye hesabu

Kama rimoti yako ya bila waya ina tundu la waya, chomeka waya. Ikifanya kazi kwa waya na kushindwa bila waya, umeshajua ugonjwa uko hewani.

Kwa wanaoendesha kwa simu, kosa linalojirudia kuliko yote ni hili: mtandao wa Wi-Fi wa treni hauna intaneti, simu inagundua hivyo, inauacha kimyakimya na kuhamia data ya laini. Wewe unaona programu iko wazi, unasukuma kasi, treni imekaa. Zima data ya simu, au simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Kisha iondoe programu hiyo kwenye orodha ya programu zinazozimwa ili kuokoa betri, kwa sababu skrini ikizima, mawasiliano nayo hukatika.

Ukitumia Engine Driver (programu ya simu) na JMRI (programu ya kompyuta ya kuendeshea treni ndogo), hakikisha WiThrottle, sehemu ya JMRI inayoongea na simu, imewashwa kwenye kompyuta na kwamba ngome ya kompyuta (firewall) haizuii mlango (port) 12090. Kwa wenye sanduku la amri la Z21, anwani yake ya mtandao (IP) ya kiwandani ni 192.168.0.111; kama ruta yako ya nyumbani inatoa anwani zinazoanza kwa 192.168.1, simu iliyoko kwenye ruta ya nyumbani haitaiona. Kwenye majengo ya ghorofa yenye Wi-Fi nyingi, badilisha chaneli ya ruta iwe 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo.

Jambo jingine: kwenye baadhi ya mifumo, anwani iliyoshikwa na rimoti nyingine haitakusikia mpaka mwenzako aiachie. Mkiwa wawili chumbani, ulizaneni kabla ya kufungua chochote.

Nami sipendi kuendesha kwa skrini ya kugusa. Kitufe cha kuzungusha hukuacha macho yabaki kwenye treni, na wakati wa kutafuta tatizo macho yako ndiyo kifaa cha kwanza.

Hatua ya 3: Safisha reli na magurudumu

Pangusa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Mimi hutumia spiriti nyeupe au dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Wengine wanapenda alkoholi ya isopropili, nayo inafaa. Msasa, hapana. Msasa huacha mikwaruzo, mikwaruzo hukusanya uchafu, na baada ya muda mfupi unarudi kusafisha tena.

Kwa magurudumu: tandika karatasi ya jikoni iliyoloweshwa kidogo juu ya reli, weka magurudumu ya mbele ya kichwa juu ya karatasi, ya nyuma yabaki kwenye reli tupu yakivuta umeme, kisha endesha huku umekishika. Utaona mistari myeusi. Geuza, rudia.

Hatua ya 4: Waya

Chukua sarafu, ilaze juu ya reli zote mbili. Sanduku la amri lazima likate umeme papo hapo. Fanya hivyo kila upande wa chumba. Mahali ambapo sarafu haisababishi kukatwa kwa umeme, waya zako ni nyembamba mno au kiunganishi kimelegea, na hapo ndipo siku moja treni ikianguka itayeyusha plastiki kabla umeme haujakatika. Usiiache sarafu hapo, gusa tu.

Usitegemee vipande vya chuma vinavyounga reli kwa reli kupitisha umeme. Tandaza waya mbili nene chini ya meza, kisha kila kipande cha reli kiungwe nazo kwa waya wake mfupi wenye solda. Ni kazi ya kuchosha shingo, lakini ukishaifanya vizuri hutairudia.

Ukipima kwa maltimita, iweke kwenye AC. Kumbuka maltimita ya bei rahisi haisomi mawimbi ya DCC kwa usahihi, kwa hiyo namba yenyewe isikushughulishe sana. Linganisha: pima karibu na sanduku, kisha pima mwisho wa reli huku kichwa kinatembea hapo. Tofauti kubwa ndiyo habari.

Hatua ya 5: Taa zinasikia, mota haisikii (au hakisikii chochote)

Sasa tukae. Ndani ya dikoda kuna visanduku vya kumbukumbu viitwavyo CV, kila kimoja na namba yake na thamani yake. Vitano ndivyo vinavyohusika zaidi hapa: CV1, CV17, CV18, CV19 na CV29.

Anza na CV19. Mtu akitaka vichwa viwili vivute treni moja, anaweza kuvipa anwani ya pamoja, na anwani hiyo huandikwa kwenye CV19 ya kila kichwa. Tangu hapo dikoda hupokea amri za kasi na mwelekeo kutoka anwani ya pamoja tu. Anwani yake ya kawaida inabaki kuendesha taa, honi na sauti. Soma tena sentensi hiyo, maana ndiyo maelezo kamili ya kichwa cha rafiki yangu: taa ndiyo, honi ndiyo, mwendo hapana. Hakuna kilichoharibika. Kinamsubiri mwenzake.

Kwa nini hutokea sana kwa vichwa vya mtumba? Kwa sababu namba hiyo iko ndani ya dikoda, si ndani ya sanduku la amri. Mwenye nacho wa kwanza huvifunga vichwa viwili pamoja, anauza kimoja, na kichwa kinaondoka na namba yake kichwani. Hata wewe mwenyewe, ukifuta kumbukumbu ya sanduku la amri kabla ya kuvifungua vichwa, sanduku husahau lakini dikoda haisahau.

Dawa: andika 0 kwenye CV19. Rafiki yangu alikuwa na 138 pale. Thamani kuanzia 1 hadi 127 ni anwani ya pamoja yenyewe. Ukiona zaidi ya 128, toa 128 upate anwani, na maana yake kichwa kilifungwa kikitazama nyuma. Kwa hiyo 138 ni anwani ya pamoja 10, kikiwa kimegeuzwa. Unaweza kujihakikishia kabla ya kufuta: chagua anwani 10 kwenye rimoti, ongeza kasi. Kichwa kilichokuwa kimekufa jioni nzima kikaanza kutambaa kinyumenyume, na sote wawili tukapiga kelele.

Lakini angalia mambo haya, kwa sababu hapa ndipo saa zinapoliwa.

Kwanza, si kila mfumo hutumia CV19. Digitrax, kwa mfano, ina njia ya kuvifunga vichwa ndani ya sanduku la amri lenyewe. Huko CV19 itasoma 0 na bado kichwa hakiendi. Rudi kwenye sanduku, tafuta orodha ya vichwa vilivyofungwa pamoja, kifungue huko.

Pili, kusoma CV kunahitaji reli ya kuprogramu, yaani kipande cha reli kilichotengwa kwa kusoma na kuandika CV, na kusoma hushindwa mara nyingi bila dikoda kuwa na kosa. Dikoda hujibu kwa kuvuta mkondo kidogo wa ziada, angalau miliampia 60 kwa takriban milisekunde 6, na kwa kawaida huuvuta kupitia mota. Magurudumu yakiwa machafu, mota ikiwa haijaungwa, au kukiwa na kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme, jibu halifiki na sanduku linakuambia hakuna dikoda. Dikoda za sauti ni wasumbufu zaidi hapa, maana zenyewe hula umeme mwingi zikiamka. Safisha magurudumu kwanza, bonyeza kichwa kidogo kwa kidole, rudia.

Na usomaji ukigoma kabisa, andika tu. "Hakuna jibu" haina maana kwamba hakikuandikwa. Ina maana kwamba sanduku halikusikia uthibitisho. Andika 0 kwenye CV19, rudisha kichwa kwenye reli kuu, jaribu. Au andika ukiwa kwenye reli kuu kwa kutumia anwani ambayo taa zinaisikia. Njia hii huokoa sana pale reli ya kuprogramu inapogoma.

Tatu, kama hakisikii hata taa, basi anwani siyo unayoidhani. Jaribu 3, kwa sababu karibu dikoda zote hutoka kiwandani na anwani 3. Ikishindikana, soma CV29. Ndani yake mna swichi kadhaa zilizojumlishwa: 1 hugeuza mwelekeo, 2 huruhusu hatua 28 na 128 za kasi (idadi ya viwango vya mwendo kutoka kusimama hadi kasi yote), 4 huruhusu kutembea kwenye reli za mfumo wa zamani, 16 huwasha jedwali la kasi, 32 huwasha anwani ndefu. Ukisoma 6, ni 2 na 4: anwani fupi iliyoko CV1 ndiyo inayotumika, hata kama CV17 na CV18 zina namba nyingine. Ukisoma 38, ni 32 na 4 na 2: anwani ndefu.

Anwani ndefu huhesabiwa hivi. Gawanya namba kwa 256. Kwa 5918 unapata 23 na kubaki 30. Jumlisha 192 kwenye 23, upate 215: hiyo ni CV17. Kilichobaki, 30, ni CV18. Ukiandika kwa mkono anza na CV17, kisha CV18, kisha CV29. Ukisoma dikoda ya mtumba fanya kinyume: toa 192 kwenye CV17, zidisha kwa 256, jumlisha CV18, utajua mwenye nacho wa kwanza alikipa namba gani. Mara nyingi ni namba ya ubavuni kabla hakijapakwa rangi upya.

Nne, na hili huwapata waliobadilisha mfumo: mpaka kati ya anwani fupi na ndefu haufanani kila mahali. Kiwango huruhusu anwani fupi hadi 127, lakini Lenz huhesabu 1 hadi 99 kuwa fupi na 100 kuendelea kuwa ndefu. Kichwa kilichopewa 110 fupi kwingine hakitasikia 110 ya Lenz, kwa sababu hiyo ni ndefu. Kwa hiyo mimi situmii kamwe namba za kati ya 100 na 127. Ama tarakimu mbili, ama nne.

Tano, taa zikiwaka na kuzimika kila unapoongeza kasi, usitafute waya uliolegea. Sanduku linatuma hatua 28 na dikoda inasubiri 14. Swichi ya 2 kwenye CV29 iwe imewashwa, na anwani hiyo kwenye rimoti iwe 28 au 128.

Sita, ukiandika na hakuna kinachobadilika kabisa, soma CV15 na CV16. Baadhi ya dikoda zina kufuli: namba hizo mbili zisipolingana, dikoda haikubali kuandikwa. Kufuli hili huwekwa na mafundi penye dikoda mbili ndani ya kichwa kimoja, moja ya mota na moja ya sauti. Ifanye CV15 iwe sawa na CV16.

Watu wengi watakuambia urudishe dikoda kwenye hali ya kiwandani na yaishe. Kwa dikoda nyingi ni kuandika 8 kwenye CV8, ingawa si zote, kwa hiyo soma karatasi yake. Napinga kuanza na hilo. Ukifuta unapoteza marekebisho yote ya mwendo na sauti ambayo huenda mtu aliyafanyia kazi wiki nzima, na hutajua kamwe tatizo lilikuwa nini. Soma CV8 kwanza, itakuambia nani aliitengeneza: 99 ni Lenz, 129 Digitrax, 141 SoundTraxx, 145 ZIMO, 151 ESU. Kisha fungua DecoderPro ya JMRI, ambayo ni ya bure, soma CV zote, hifadhi faili. Baada ya hapo futa ukitaka. DecoderPro ndiyo njia ninayomshauri kila mtu; kuandika CV mojamoja kwa vitufe vya rimoti ni kujitafutia makosa.

Hatua ya 6: Kinakimbia chenyewe

Baada ya shoti, au umeme kurudi, kichwa huchomoka kwa kasi yote na rimoti hakiisikii. Hii ni ile swichi ya 4 ya CV29. Dikoda imeamka, haikuona amri za DCC haraka, ikadhani iko kwenye reli za zamani ambako volti nyingi maana yake ni kwenda kasi. Toa 4: 6 iwe 2, 38 iwe 34. Kasoro pekee ni kwamba hakitatembea tena kwenye reli za mfumo wa zamani. Kichwa cha bei kikianguka kutoka mezani, hutajuta kuikosa nafasi hiyo.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo bisibisi

Kama umefika hapa, fungua. Rangi za waya ni za kiwango: nyekundu na nyeusi huenda kwenye reli, chungwa na kijivu kwenye mota, nyeupe taa ya mbele, njano taa ya nyuma, bluu ni chanya ya pamoja ya taa. Kama plagi ya pini 8 imechomekwa kinyume, mota itazunguka upande usiotakiwa na taa hazitawaka, igeuze tu.

Kinachoua dikoda ni mota kugusana na reli kupitia fremu ya chuma. Chomoa dikoda, weka maltimita kwenye ohmu, pima kutoka kila nguzo ya mota hadi kila gurudumu. Pasiwe na mguso wowote. Ukipata mguso, tafuta skrubu au bamba linalounganisha, weka plastiki, pima tena, hata kama kichwa kilikuwa kinatembea vizuri jana.

Ukifunga, usikiweke kwenye reli kuu. Kiweke kwanza kwenye reli ya kuprogramu, ambako mkondo ni mdogo na kosa la waya halichomi kitu, na usome CV8. Ikijibu namba ya kiwanda chake, kipeleke kwenye reli kuu, kasi ya chini, kidole karibu na kitufe cha kusimamisha.